Kopo la Kalamu la Mwalimu Swali

Kwanza salamu, mengine yatafuata. Mwalimu anasalimiwa na wote wa nyumbani kwangu: baba watoto, ambaye mgongo umempa nafuu wiki hii, mama mkwe, anayeuliza kila asubuhi kama kweli Mwalimu anaondoka au ni maneno ya watu, binti yangu mkubwa, ambaye habari yake inakuja hapo chini, mdogo wake, mwenye mtihani mwezi wa kumi na moja na sasa hali chakula akashiba, na shangazi yao, ambaye hajawahi kumwona Mwalimu lakini anamtaja kama ndugu. Sote hatujambo.

Sasa kazi niliyopewa. Mwalimu wetu wa fasihi, ambaye wanafunzi walimbatiza Mwalimu Swali naye akalizoea jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake, anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu wa sita, baada ya kufundisha hapa miaka thelathini na moja. Mimi ni msafishaji wa jengo la madarasa ya juu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mkuu wa shule alitaka wasifu huu uandikwe na mwalimu mwenzake. Mwalimu mwenyewe akakataa. Akasema uandikwe na mtu aliyemsikia kila siku kupitia mlangoni. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mtanivumilia.

Mkutubi, aliyeanza naye kazi mwaka mmoja, anasimulia kwamba alikuja binti mwembamba wa viatu vya kamba, akapewa chumba cha mwisho wa ukumbi, jirani na stoo ya mafagio, chenye dirisha lisilofungika. Baadaye alipokuwa mkuu wa idara, kwa miaka kumi na miwili, alipewa ofisi ya juu yenye zulia. Aliitumia kukausha mwavuli. Kufundisha alifundishia kule kule, jirani na mafagio yangu.

Wakati anaanza, fasihi ndiyo iliyokuwa ikiiangusha shule. Na si kwamba watoto hawakusoma. Walisoma mpaka vitabu vikaachia majalada. Shida ni kwamba wakiona jina la kitabu kwenye swali, wanaanza kumwaga. Waliulizwa kama wivu ndio uliovunja nyumba ya mhusika fulani, na mmoja akaanzia siku mhusika alipozaliwa, mvua ikinyesha. Mwalimu alimwandikia pembeni: "Nimekuuliza njia ya kwenda sokoni, wewe unanieleza soko lilijengwa lini." Mkutubi anacheka hadi leo.

Ndipo likaja kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, kubwa, lenye kutu kidogo ukingoni, na lilikaa mlangoni kwake. Siku ya kuandika insha kila mwanafunzi aliacha kalamu yake humo na kuingia na kipande cha penseli tu. Dakika kumi za kwanza hakuna kuandika insha. Unasoma swali mara tatu. Unapigia mstari neno linalokuamuru, kama ni jadili, au linganisha, au thibitisha, maana kila moja lina kazi yake. Unazungushia duara neno linalobeba uzito. Halafu unakwenda mezani kwake na kusema sentensi moja inayoanza na "Mimi nasema" na yenye "kwa sababu" ndani yake. Huo aliuita msimamo. Akiukubali, unachukua kalamu.

Kumridhisha haikuwa rahisi. Nikiwa napiga deki nilimsikia akiuliza, "Nani atakubishia hapo?" Mtoto akisema hakuna, anaambiwa, "Kama hakuna wa kubisha, huna la kuandika. Rudi ukakae." Aliyesema kwamba mama wa kwenye tamthilia anampenda mwanawe alirudishwa mara nne. Ya tano alitoka na kalamu yake, anatembea kama aliyeshinda kesi.

Sasa nikiri kosa langu, maana bila hilo sifa hizi zitakuwa za mdomoni tu. Binti yangu mkubwa alikuwa ameanguka karatasi ya fasihi, hiyo moja tu, na hiyo moja ikamfungia mlango wa chuo cha ualimu. Akaja kurudia mwaka hapa kwetu. Kurudia kulikuwa mara moja, hakuna tena. Basi insha yake ya kwanza ya mazoezi, aliyoiandikia nyumbani bila kopo, ikarudi na alama nne kati ya ishirini. Kurasa sita. Nilizihesabu. Nikasema huyu mwalimu anamwonea mwanangu kwa kuwa ni mtoto wa mfagiaji. Nikaacha ndoo ukumbini, nikaingia na ufagio mkononi, mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, mtoto kajaza kurasa sita."

"Nimeziona, mama. Kaa."

"Sikai. Nne kwa kurasa sita?"

"Basi simama, nikusomee swali."

Akalisoma taratibu, kwamba mama katika tamthilia hii ndiye aliyemwangusha mwanawe, jadili. Tamthilia yenyewe nilikuwa naijua, binti yangu aliisoma kwa sauti nyumbani mpaka mama mkwe akaomba wahusika wapumzike. Mwalimu akaniuliza, "Swali linasemaje?" Nikamwambia linataka nimtetee huyo mama au nimhukumu, kisha nitoe sababu. "Na wewe unasemaje?" Nilikuwa na hasira, nikajibu papo hapo: mimi nasema hakumwangusha kwa ubaya, alimwangusha kwa kumbeba mno, kwa sababu kila alipojikwaa alimnyanyua kabla hajagusa chini, miguu ikakosa kujifunza kusimama.

Mwalimu akauliza, "Nani atakubishia?"

"Mama mkwe. Atasema mtoto habebwi akazidi."

"Huo ni msimamo, mama. Kurasa sita za bintiyo hazina hata mmoja. Kamtafutie kopo huko nyumbani."

Hakunicheka, na hakuruhusu mtu acheke. Kuanzia siku hiyo, jioni nikichambua mchele, binti yangu alinisomea swali na mimi nikashika kopo letu la majani ya chai. Kazi yangu ilikuwa kubisha. Mimi nisiyejua kuandika insha nikawa mtu wa kuridhishwa. Baba watoto naye akabisha, mama mkwe akabisha hata yasiyomhusu. Binti alikasirika, alilia, siku moja aliniambia, "Mama, wewe hukubali kitu." Nikamwambia ndiyo kazi niliyopewa.

Siku ya mtihani nilikuwa ukumbini, nafuta vioo vya chumba cha mtihani. Karatasi zikagawiwa, wenzake wote wakainama na kuandika. Wangu kaweka kalamu mezani, mikono mapajani, anaitazama karatasi. Dakika mbili, tano, nane. Kitambaa kilinidondoka. Nikajua kichwa kimefutika, mwaka umekwenda, chuo kimekwenda. Nilinyanyua mkono nigonge kioo, angalau aone kwamba mama yupo. Mwalimu Swali, ambaye siku hiyo haruhusiwi chumbani mle, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwache. Yuko kazini."

Nikamkumbuka yule mama wa tamthilia. Nikaokota kitambaa. Nilipotazama tena, mtoto alikuwa akitabasamu peke yake, akachukua kalamu, akainama.

Alipata alama ya pili kutoka juu. Leo yuko mwaka wa mwisho wa ualimu, somo fasihi, na ameninunulia kopo jipya la majani ya chai kwa utani. Wako wengine wengi kama yeye. Karani wa ofisi anasema miaka tisa sasa hakuna darasa la Mwalimu lililoshindwa fasihi, na walimu wa shule tatu za jirani wamekuja kuketi nyuma ya darasa lake na kutazama. Mmoja alishikilia kalamu yake mlangoni. Akaambiwa hata mgeni anaiacha.

Jumatatu iliyopita Mwalimu alikuja stoo, akaweka kopo lake kati ya ndoo zangu. Nilimwambia ampelekee mkuu mpya wa idara. Akasema mkuu mpya ameshalikubali na mlangoni litarudi, ila mwenye kulishika siku za insha niwe mimi. Sijalala vizuri tangu hapo.

Mwalimu, kwa niaba ya wote wa shule hii, asante kwa miaka thelathini na moja. Huko kwenu unakorudi ukae kwa raha, miguu ipumzike, usome vitabu ambavyo hakuna atakayekuulizia swali. Ila ukifika tu nitumie neno upesi, usingoje mwezi uishe. Yule wangu mdogo ameniletea sentensi yake ya kwanza, nimeikunja ndani ya bahasha uliyopewa leo. Siku ya tatu sasa nashindwa kuibishia, na sijui ni kwa kuwa ni nzuri au ni kwa kuwa haina wa kubisha. Najua utasema nambeba. Jibu tu. Kalamu yake bado iko koponi.