Chai katika Chupa ya Wiski

Benchi la Ndayisaba, fundi cherehani, lilikaa ukutani mwa duka lake katika mtaa wa Waswahili, Gisenyi, na kila asubuhi Saidati, muuza kahawa, alipanga vikombe kando yake, birika la kahawa ya tangawizi likifuka. Wenye benchi walikuwa wawili. Ndayisaba mwenyewe walimwita Avoka, yaani wakili, kwa kupenda kubisha, na Habiyaremye, dereva wa lori, walimwita Buji, maana hasira yake iliwaka haraka kama buji, plagi ya gari. Jumatatu ile ya mwaka 1953 akaja wa tatu, saa ambayo hawakuizoea. Alikuwa Kadiri, muosha glasi wa hoteli ya ziwani, mtu wa swala tano. Alikaa na kanzu yake nyeupe ya kazi, macho yamemtoka.

— Leo hauko kazi? Buji akauliza.

— Wamenifukuza. Banasema mi nakunywa wiski.

Sindano ya Avoka ikasimama kitambaani. Kwa sheria ya siku zile, Mwafrika kugusa pombe kali ilikuwa gereza. Kwa Kadiri ilikuwa pia kupoteza msikiti, na mke, na jina la baba yake.

— Anza mwanzo, akasema Avoka.

Kadiri akaanza. Jana mchana, mzungu mmoja mwenye shamba la pareto kule Kanzenze alirudi kutoka likizo na chupa tatu za wiski. Ya nne alimwagiza msimamizi wa hoteli aitoe kabatini. Akawaita wenzake wapime nani anaijua wiski kweli. Glasi zikapangwa bila majina: moja kutoka kisiwa cha Uskochi, moja bonde la Uskochi, moja Ireland, moja Amerika. Wakaonja, wakabishana, wakakosea karibu zote. Ndipo mmoja, kwa mzaha, akamwita Kadiri aliyekuwa anakusanya glasi.

— Mi nikanusa tu, Kadiri akasema. Ya kwanza ni moshi, sawa nyumba banakausha samaki, halafu mvua imeingia. Nikasema hii ya kisiwa. Ya pili iko tamu, mbao mupya na ndizi ya kukaanga. Amerika. Ya tatu laini, sawa majani makavu. Ireland.

— Na ya ine? Buji akauliza.

— Ya ine ni chai.

Avoka akasogea karibu.

— Wiski iko ndani, ile ya kila siku, kidogo, Kadiri akaendelea. Ingine yote chai. Ule mwenye shamba alicheka, akaonja tena, akaacha kucheka. Jeran, ule msimamizi wa hoteli, akageuka mwekundu. Akasema, mutu wa kuosha glasi anajulia wapi? Basi ni yeye anakunywa, halafu anajaza chai. Leo saa kumi nende polisi.

— Bon, akasema Avoka. Miaka kumi na moja unaosha zile glasi. Pombe imepita kwa vidole. Donc, kwa hiyo, damu yako ilishalewa, we hujui.

— Oya, hapana, akasema Buji. Ile ni mutego. Bazungu banatia chai makusudi, hoteli zote mpaka Bukavu, baone nani atasema.

— Ao huko kwao hakuna wiski kabisa, Avoka akazidi. Chai tupu. Banatukataza tusijue.

Kisha akashusha sauti.

— Lakini ndugu, niambie ukweli. Hata tone moja?

Kadiri alimtazama kama hamjui. Miaka ishirini walikuwa wameswali safu moja.

Saidati ndiye aliyekata maneno. Alimfunga Kadiri macho kwa leso, akamletea vikombe viwili puani.

— Shemeji, hii?

— Kahawa ya kule Nyundo. Nzuri.

— Na hii?

Kadiri akasita.

— Hii iko na mahindi ya kukaanga ndani.

Buji na Avoka wakageuka kwa pamoja kutazama vikombe walivyoshika. Saidati aliinamisha kichwa.

— Mahindi? Toka lini? Avoka akauliza.

— Toka Ramadhani, akasema Kadiri polepole, akivua leso. Sikutaka kumuharibia biashara.

Hapo wakamwamini. Avoka alisimama, akamshika mkono, akaomba radhi, na walikuwa bado wameshikana alipofika Mukankusi, mwanamke anayepeleka samaki jikoni mwa hoteli, kikapu kichwani, pumzi juu.

— Papa Kadiri, banakutafuta. Mwenye shamba alilala pale pale hoteli. Leo asubuhi amefunguza chupa zote za kabati mbele ya administrateri wa serikali. Tisa iko na chai. Na ufunguo ya kabati iko moja tu, mufukoni ya jeran. Ameshakimbia na voiture, gari yake, njia ya Goma. Banasema urudi kazi.

Buji akamwaga kahawa magotini, hakuona. Avoka alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeondolewa mzigo ghafla. Kadiri alijifunika uso kwa viganja.

Mukankusi hakufurahi nao. Alishusha kikapu.

— We unanusa vile, akasema. Ile chai ulianza kuisikia lini?

— Mwaka… miaka miwili.

— Basi wakati banamufunga kaka yangu, ulikuwa unajua?

Walikuwa wamemsahau. Mbonigaba, kaka yake, mhudumu wa baa ya hoteli ile ile, alishitakiwa mwaka uliopita kwa kunywa wiski ya wazungu na kujaza chai, na mpaka siku ile alikuwa gerezani Ruhengeri. Benchi zima lilikuwa limemwita mlevi.

Avoka alitazama sindano yake. Kadiri jibu alikuwa nalo: aliogopa, ana watoto, na hakuna aliyemuuliza. Alilipima mara mbili kichwani, na mara zote mbili lilikuwa ukweli, na halikuweza kutoka mbele ya uso ule.

Mukankusi hakulia wala hakupaza sauti. Alisimama pale, maji ya samaki yakichuruzika miguuni mwake, akingoja.