Mama Vipande na Krayoni Zilizovunjwa

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja, mwalimu mwenzetu tunayemwita Mama Vipande anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Uongozi umeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake. Sijui ni nani aliyeona ninafaa, maana hakuna mtu aliyenitoa jasho katika kituo hiki kama yeye.

Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani, hasa watoto wanaohangaika na kuandika. Mtu angedhani kazi hiyo inahitaji madaftari na penseli. Thubutu. Yeye alikuja stoo kuomba unga, chumvi, brashi za rangi na vibanio vya nguo. Chumvi aliimwaga kwenye sinia, watoto wakaandika herufi kwa kidole. Unga aliukanda, wakaufinyanga. Vibanio walivibana ukingoni mwa ndoo na kuvibandua ili vidole vipate nguvu, na matambara yangu yakakosa kibanio hata kimoja. Ukuta wa uani haukukauka, kwa sababu waliuchora herufi kubwa kubwa kwa brashi na maji. Chumvi niliifagia mpaka nikaiota.

Hayo yalikuwa cha mtoto. Kuna siku nilimkabidhi katoni ya krayoni mpya, bado zina harufu ya dukani. Kufika jioni nikazikuta zote zimevunjwa vipande viwili viwili. Alizivunja mwenyewe, mtu mzima na akili zake. Nilipomfokea, alinieleza taratibu kwamba krayoni ndefu mtoto huikamata kwa ngumi, lakini kipande kifupi hakishikiki ila kwa ncha za vidole. Nikamwambia akawaeleze hayo watu wa manunuzi. Jina likamganda tangu siku hiyo.

Basi, ikaja zamu ya mjukuu wangu. Binti yangu alikuwa akimfundisha nyumbani, na kila penseli ilipotolewa mtoto alilia, akaikandamiza hadi karatasi ikachanika. Mama mtu naye akalia. Alishaamini kwamba mwanawe hataandika kamwe, akataka kuacha kumfundisha. Nikawaleta kwa Mama Vipande, shingo upande.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuificha penseli. Binti yangu alinuna. Mimi nilikereka zaidi, maana ikawa ni chumvi, vibanio na maji ukutani, siku nenda siku rudi. Nilipouliza mtoto ataandika lini, niliambiwa nipunguze haraka, tena nilete chumvi nyingine.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikaukuta mlango wa stoo, ambao nilikuwa nimetoka kuupaka rangi, umeandikwa kwa krayoni nyekundu, herufi zikiyumba: BABU. Mjukuu wangu alikuwa amesimama pembeni na kipande chake mkononi.

"Babu, leo sijalia," akasema.

Niliitafuta hasira yangu, sikuiona. Mkuu wa kituo ameniagiza mara kadhaa niupake mlango ule upya. Kwa masikitiko makubwa, rangi imeisha stoo.

Mama Vipande, asante kwa usumbufu wote. Nenda kapumzike kwa raha, na afya yako iwe njema kuliko ya ufagio wangu. Zawadi yako kutoka stoo ni boksi la krayoni mpya. Usihangaike kuzivunja, mimi na mjukuu wangu tumeshamaliza kazi hiyo.