Miaka Thelathini na Miwili ya Kuipigia Miti Hodi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Afisa Misitu wa manispaa yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Kwenye faili ana jina refu la kiofisi. Kwetu sisi wa kikosi cha miti, kwa walinzi, wauza maua na watoto wa shule, ni Shangazi, basi.

Alipoajiriwa, barabara ya hospitali ilikuwa na mti mmoja tu, nao ulikuwa umeegemea nguzo ya umeme kama mlevi. Leo mtu anatoka stendi mpaka wodi ya wazazi bila kukanyaga jua. Ni Shangazi aliyechora mpango wa miti ya mji mzima, mtaa kwa mtaa, akakataa katakata kupanda miti mirefu chini ya nyaya, akawabana wakubwa mpaka kitalu kikapata maji ya bomba. Msitu wa kilimani, nyuma ya matangi ya maji, aliupanda na wakazi wenyewe, kila familia na miche yake. Mkurugenzi mmoja alitaka kuufyeka apate mahali pa kuegesha magari. Shangazi alimpeleka huko saa saba mchana, akampigisha soga juani mpaka shati likalowa, ndipo akamkaribisha kivulini. Maegesho hayakujengwa, na bwana mkubwa aliondoka na miche ya kupanda nyumbani kwake.

Sasa tuje kwenye ile hodi. Kabla hatujapogoa wala kukata mti, Shangazi hugonga shina kwa nyundo ya mbao, akatega sikio, kisha akapiga hodi kwa adabu zote. Wageni kazini hucheka mpaka wakashika mbavu. Yeye huwaeleza kwamba mti mzima hutoa sauti nzito, uliooza ndani hulia kama debe tupu, na hodi ni heshima tu, maana pale si kwetu. Akiwa na shaka, tunakunja kamba tunaondoka.

Mwaka juzi tulikwenda kupogoa mti mkubwa uani mwa shule ya msingi. Nyundo ilitoa sauti nzuri. Shangazi akapiga hodi, na kutoka juu kwenye matawi akajibiwa karibu, waziwazi, kwa sauti ya dereva wetu, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Tulicheka sana. Mdogo wangu, ambaye ndiye mpandaji wa kikosi, alikuwa ameshaanza kupanda. Shangazi hakucheka. Alimwamuru ashuke, kwa ukali ambao hatukuwahi kuusikia kwake, naye akashuka akinung'unika kwamba Shangazi umri umeanza kumchezea. Hajamaliza kufungua mkanda, tawi alilokuwa akiliendea likavunjika, bila upepo wowote, na kishindo chake kikatetemesha madirisha ya madarasa.

Tukamgeukia Redio tumkabe shati. Hakuwepo. Alikuwa zahanati ng'ambo ya barabara, ameng'olewa jino, mdomo umejaa pamba. Ee Mungu wangu, nywele zilinisimama! Kwenye chai Shangazi alituambia, bila kupaza sauti, kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kujibiwa, na kwamba hakuipenda ile haraka ya mwenyeji kutukaribisha.

Kuanzia Jumatatu nyundo ni yangu. Naogopa, nasema wazi. Anayepanda bado ni mdogo wangu, na mkewe amejifungua mapacha juzi tu. Nikikosea, nitamwambia nini yule shemeji? Shangazi amenifundisha sauti zote za mbao na naamini naziweza. Kazi ya kwanza ni mti wa mbele ya maktaba, kwa hiyo jana mchana nilikwenda peke yangu kuujaribu. Ulilia vizuri, mzima kabisa. Nikapiga hodi. Nikajibiwa karibu, taratibu, kwa upendo, kisha nikaulizwa mdogo wangu yuko wapi, mbona sikuja naye. Sauti ilikuwa ya Shangazi. Nilikimbia mpaka ofisini, nikamkuta mwenyewe ametulia mezani pake, anafungasha vikombe vyake kwenye boksi.

Mti wa maktaba tumeuacha kwanza, na wanaouliza sababu wameipata hapa.

Shangazi, asante kwa kivuli, asante kwa ukali wako, asante kwa kunishushia mdogo wangu akiwa hai. Tunakutakia mapumziko ya raha, afya tele na asubuhi ndefu zisizo na simu za ofisi, isipokuwa yangu. Maana kila siku, kabla kamba haijafungwa, nitakupigia. Tafadhali pokea, uongee nami kidogo, hata ukinisuta ni sawa. Nataka nikusikie uko nyumbani kwako, nijue kwamba huko juu anayemwita mdogo wangu si wewe.