Kamba ya Gari la Kanchoro

— Elfu mbili yangu kwanza, ndio hendeli itoke, Kanchoro akasema.

— Hendeli kwanza, ndio elfu mbili itoke, Gerishon akasema.

— Basi tutazeeka hapa, Koplo akasema, na hakuonekana kusikitika, maana kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Kijiwe chetu kiko Chechelesi, hapa Isiolo, mbele ya gereji yangu: kiti kirefu cha lori lililopinduka barabara ya Marsabit, tumekipandisha juu ya matofali, na kando yake jiko la Mama Kaltuma na birika lake la kahawa ya tangawizi. Mimi wananiita Spana. Ufundi sikusomea popote. Injini ya kwanza niliifungua kwa hasira, nikaifunga kwa aibu, ya pili nikaifunga sawasawa. Bei yangu naisema mara moja, na asiyeitaka barabara ni pana. Mwaka ulikuwa wa themanini na tano, mvua imerudi, vumbi limelala, na gari la ugomvi limesimama mbele yetu limepakiwa unga na sukari mpaka springi zinalia. Lilikuwa liende soko la mifugo Oldonyiro asubuhi hiyo hiyo.

Gari lenyewe ni chotara. Pua ni ya Landrova, injini ni ya Peugeot, springi za nyuma ni za lori, na bodi ni mbao za mlango wa kanisa fulani lililojengwa upya. Kanchoro, mnunuzi wa ng'ombe, aliliendesha miaka mingi. Ukame ulipomaliza zizi lake aliliuza kwa Gerishon mwenye duka, apate pesa za mitamba aanze upya. Gerishon alilipa karibu yote. Ikabaki elfu mbili, ya kulipwa siku gari likitoka gereji.

Na Gerishon alishikwa na ule ugonjwa wa mtu aliyenunua gari lake la kwanza. Kila jioni alikuja na wazo jipya. Akataka springi ziongezwe jani, nikaongeza. Akataka taa ya tatu, nikamwambia gari si ng'ombe wa maonyesho, akanyamaza. Kisha akasema petroli imepanda, akataka tangi la pili, la mafuta ya taa. Nikamwekea, na koki chini ya dashibodi. Unaamsha kwa petroli, injini ikipata moto unageuza koki, inakula mafuta ya taa kama chemli. Kazi yangu alinilipa yote, sina neno naye.

Lakini hilo gari halina stata. Linaamshwa kwa hendeli, chuma kirefu unakitia puani unazungusha. Na jana yake, nilipomaliza, Kanchoro alikuja, akaliamsha mbele yetu sote, Gerishon akasikia lilivyonguruma, likazimwa, halafu Kanchoro akachomoa hendeli, akaitia kwapani kama mwavuli na kwenda zake nyumbani. Sasa ilikuwa magotini kwake, ameifunika kwa shuka.

— Mimi si mwizi, Kanchoro akasema. Gerishon, wewe umekaa na sisi miaka mingapi? Hujui ukiuza ng'ombe, kamba hauuzi? Unamfungua, unampa mtu ng'ombe yake, unarudi nyumbani na kamba. Ukiacha kamba iende, baraka ya zizi inafuata kwato. Mimi nataka kununua mitamba na hii pesa. Nitawafunga na nini?

— Na hendeli? Gerishon akauliza. Utafunga mitamba na hendeli?

— Kamba ni kamba.

— Kanchoro, mimi ni mtu wa duka. Ukinunua sukari kwangu, mfuko unaenda na wewe. Sikufuati mpaka kwako nikudai mfuko.

— Mfuko huwa unatoboka, Koplo akasema. Ndio maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Koplo ni Doyo. Alikuwa mpishi wa jeshi, na sasa amestaafu anaongea kama jenerali. Methali anazo nyingi. Zinamtoka tu, kama risasi za mtu aliyefumba macho.

— Sasa hiyo inaingia wapi, Koplo? nikamwuliza.

— Inaingia. Ngoja utaona.

Chachu, tunayemwita Redio kwa sababu habari zote hupitia kwake na hutoka zimebadilika, alisogea mbele ya kiti.

— Wacheni kelele. Kwanza tujue kamba ya gari ni gani. Kwa ng'ombe, kamba ni kile kitu unamshika nacho asiende. Sio? Basi kamba ya gari ni breki. Kanchoro, rudisha hendeli, uchukue breki.

— Niende Oldonyiro bila breki? Gerishon akauliza.

— Si ni wewe ulisema unataka kuokoa mafuta.

— Hapana, Koplo akasema. Jeshini gari haitoki bila karatasi ya safari. Gari inaweza kuwa na magurudumu, injini, hata jenerali ndani, lakini bila karatasi haitoki. Kamba ni karatasi. Kanchoro achukue logbuku.

— Walahi logbuku sitaki, Kanchoro akasema. Inasema gari ni ya kijani.

Tukalitazama gari. Ubavu mmoja ulikuwa wa bluu, mwingine rangi ya mabati.

— Mimi naona hivi, Redio akasema, na sasa alikuwa amesimama. Kamba ndiyo inamwonyesha ng'ombe njia. Gari inaonyeshwa njia na nini? Na barabara. Kwa hivyo kamba ya gari ni barabara. Gerishon umenunua gari, barabara ya Oldonyiro imebaki ya Kanchoro. Wewe pitia porini.

— Ya serikali, Gerishon akasema.

— Serikali umeiona huko lini?

Hapo hata Kanchoro alicheka, lakini mkono haukutoka juu ya hendeli.

Mama Kaltuma akamimina mzunguko wa pili. Akasema yeye shida yake si kamba, ni yale matangi mawili. Petroli na mafuta ya taa nyumba moja ni wake wawili, na mwanaume aliyeanza kwa mke mmoja asubuhi halafu akahamia kwa mwingine kabla ya saa nne, asishangae akinyimwa chakula kote.

— Mama, hiyo imeamka jana ukisikia, nikasema. Hakuna aliyenyimwa. Koki yangu haivuji.

— Sijasema inavuja. Nimesema wanasikilizana tu ukiwa hapo. Huko Oldonyiro wewe hutakuwa.

— Lakini mama amesema jambo, Koplo akadakia. Gari hii ni nusu na nusu. Pua ni kabila nyingine, injini kabila nyingine. Basi desturi nayo igawanywe. Kuanzia kiti cha dereva kurudi nyuma, sheria ya Borana, ya kina Kanchoro. Kuanzia kiti kwenda mbele, sheria ya duka.

— Hendeli inaingia mbele, Gerishon akasema haraka.

— Lakini mshikaji anasimama nje, Kanchoro akasema. Nje ni kwetu.

— Ndio, Koplo akasema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hakuna aliyeuliza.

Gerishon alinigeukia. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka. Soko la Oldonyiro halingoji mtu, na unga ukirudi dukani unarudi na funza.

— Spana, wewe ni fundi. Nichongee hendeli ingine nikulipe, niachane na huyu mzee na baraka zake.

— Sichongi, nikasema.

— Kwa nini?

— Sichongi tu.

— Enda basi ununue mjini, Redio akamwambia.

— Ameshaenda, nikajibu kwa niaba yake. Ya Landrova meno hayashiki kwa Peugeot. Ya Peugeot ni fupi, pua ya Landrova inaimeza yote unabaki unashika hewa. Hendeli ya hii gari ni moja tu duniani, na iko magotini kwa Kanchoro.

— Sukumeni, Redio akasema.

— Shusha magunia yote kwanza. Na hapo mbele ni mchanga mpaka mferejini.

— Fungeni ngamia mbele ivutwe.

— Ngamia yuko?

— Kwa sasa hayuko.

Koplo akasema jeshini waliwahi kuamsha lori kwa kuliimbia. Nikamwambia anyamaze au ahamie kijiwe kingine. Akanyamaza kidogo, mpaka akamaliza kahawa.

Hapo ndipo akaja Umulkheir, anayeuza leso sokoni, na furushi lake kichwani.

— Salaam aleikum.

— Aleikum salaam, tukaitikia.

— Gari ya Oldonyiro ni hii? Inatoka saa ngapi?

Tukatazamana. Gerishon akatazama saa yake, kama saa ndiyo iliyoulizwa. Redio, ambaye ana jibu la kila kitu tangu uhuru, alianza kufunga kamba ya kiatu. Mwishowe Mama Kaltuma akamweleza mambo yote, kuanzia zizi la Kanchoro mpaka hendeli, na bila kuongeza chumvi, jambo lililotushangaza sote. Umulkheir akashusha furushi, akaketi juu yake.

— Mzee Kanchoro ana haki, akasema. Kamba inarudi kwa mwenyewe. Hata kwetu ni hivyo.

— Umesikia? Kanchoro akamwambia Gerishon.

— Lakini mzee wangu, hii kamba ulisokota mwenyewe?

— Hii? Hii ni chuma, mama.

— Nimeona ni chuma. Alikutengenezea nani?

Kanchoro akanielekeza kwa kidevu.

— Na wewe ulimpa nini?

Nikasikia birika likichemka. Koplo akasema asiyesikia la mkuu, kisha akaiacha hapo hapo, hakuivunja hata guu.

Kanchoro alikuwa anaangalia ndani ya kikombe kama mtu aliyeangusha kitu.

Mimi sikuwa nimesahau. Hendeli ya kwanza ilimzamia Kanchoro mtoni pale Gotu, siku aliyovuka baada ya kuambiwa asivuke. Alikuja kwangu usiku akinibembeleza. Nikatafuta chuma cha pampu ya maji iliyokufa, nikakipinda kwa moto, nikachonga meno kwa tupa mpaka malengelenge yakapasuka. Bei niliisema mara moja: mbuzi jike. Akasema sawa, tukashikana mikono. Kabla mbuzi hajaja, mvua ikakataa. Ungemkuta Kanchoro kila asubuhi anachuna ngozi nyuma ya boma, mbuzi juu ya mbuzi. Mimi nina hasira, kila mtu Isiolo anajua, lakini siwezi kumdai mbuzi mtu anayewachuna wakiwa wamekufa njaa. Nikafunga mdomo. Sikusamehe. Nilifunga mdomo tu, ni vitu viwili tofauti.

— Spana, Kanchoro akasema polepole. Ungenikumbusha.

— Ningekukumbusha wakati gani? Ulipokuwa unazika maksai?

Akaifunua shuka, akaishika ile hendeli kwa mikono miwili kama kitu kilichopata moto ghafla, akanipa. Nikaipokea. Ilikuwa na uzito ule ule.

— Gerishon, panda, nikasema. Mama, weka furushi yako nyuma.

Nikaitia puani, nikazungusha mara moja, ikakohoa. Mara ya pili injini ikashika, nikachomoa hendeli. Magunia yakatetemeka, kuku wa Mama Kaltuma wakakimbia. Nikamwonyesha Gerishon koki kwa mara ya mwisho, asiigeuze mpaka injini iwe na moto.

— Na nikizima huko Oldonyiro? akauliza juu ya mngurumo.

— Usizime. Ukirudi nitakuchongea yako. Mia na hamsini. Sasa mlipe huyu mzee, gari inanguruma na imetoka gereji.

Gerishon ni mtu wa neno lake akishaona kitu kinafanya kazi. Alitoa noti akiwa kwenye usukani, Kanchoro akahesabu, akakunja, akatia mfukoni ndani kabisa. Gari likaondoka likiyumba kama bibi harusi mnene, Umulkheir juu ya magunia, ameshika leso yake isiruke.

Kanchoro akasimama mbele yangu na kunyoosha mkono.

— Haya, Spana. Nipe kamba yangu niende nikatafute mitamba.

Nikaiweka hendeli nyuma yangu.

— Malisho iko, Kanchoro. Pesa iko. Mbuzi jike, ambaye hajazaa. Lete.