Kikapu cha Bi Inshirah

Wagdi alikaa nyuma ya akina mama wawili wasiojuana, basi likiiacha Kairo na kushika njia ya jangwani. Mfukoni alikuwa na ufunguo wa nyumba mpya atakayomhamishia mama yake.

"Kwetu huko, dada yangu," alisema Bi Inshirah, "nyasi zinanyweshwa na mabomba yenyewe, humwoni mtu. Kimya, mpaka nasikia friji la jirani likinguruma."

"Uko peponi wewe," alijibu Bi Tahani, aliyekuwa akienda huko kutembea tu.

"Nilipohamia nilishusha kikapu kwa kamba kutoka roshani, na hela ndani, nitiliwe mkate na muuzaji kama tulivyozoea mtaani Shubra. Kikashinda kinaning'inia hadi magharibi."

"Hakikuibiwa? Subhanallah. Kwetu hata chini kisingefika."

"Hakikuibiwa. Wala mkate hakikutiliwa."

"Si ndiyo pepo yenyewe hiyo? Wewe umezoea taabu tu."

Basi likasimama langoni mwa mtaa huo mpya. Maua yalikuwa yamefunika ukuta wote, Wagdi akasahau kusimama ashuke. Bi Inshirah akateremka na kikapu kipya, chekundu.

"Labda kile," alimwambia mwenzake, "hawakukiona."