Papa Paulin Tuyisenge na Ukumbi Aliouonea Wivu

Ndugu na jamaa, majirani wa Katindo, wanamuziki wa zamani na wa sasa, nanyi mliotoka Rutshuru alfajiri ili kumsindikiza: haya ndiyo maisha ya Papa Paulin Tuyisenge, yanayosomwa na binti yake mkubwa, Sylvie. Mwenyewe aliacha agizo moja tu kuhusu maneno ya leo. Alisema, "Musinisifu sana. Museme nilikuwa na wivu. Kila mutu anajua, mukificha watacheka." Kwa hiyo familia haikuficha.

Papa Paulin alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Rugari, Rutshuru, akiwa mtoto wa tatu wa Jean-de-Dieu Sibomana, mkulima, na Mama Nyirakamana. Kaka yake mkubwa ndiye aliyepewa ngoma ya kanisa. Kila Jumapili Paulin alikaa benchi la mbele, si kwa ajili ya ibada, ila kumvizia kaka akosee. Siku moja kaka aliugua mafua, na padri alipouliza nani atapiga, Paulin alikuwa ameshafika kwenye ngoma. Alipiga vibaya, lakini kwa nguvu kiasi kwamba wazee waliokuwa wamesinzia nyuma waliamka wote. Padri akasema angalau leo mahubiri yamesikika. Mama Nyirakamana alisimulia kisa hicho mpaka uzeeni, na kila mara Papa Paulin aliuliza kama kaka yake kweli alipiga vizuri zaidi.

Alisoma shule ya msingi ya parokia Rugari, kisha akaja Goma kwenye shule ya ufundi, tawi la umeme, ambako alipata diploma mwaka 1976. Mwenzake wa chumba alikuwa na redio ndogo ambayo hakuruhusu mtu aiguse. Papa Paulin aliitamani redio ile kwa uchungu, akajifunza kuzitengeneza za watu wengine, na alipomaliza shule hapakuwa na redio mjini iliyoweza kumshinda. Alianzia Birere, kwenye baraza la duka la vitenge, akitengeneza redio na baadaye vipaza sauti vya harusi na sikukuu.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Perpétue Mukamugema wa Masisi, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya. Mungu aliwajalia watoto watatu: Sylvie, Élisée na Umuhire.

Mwaka 1987 alifungua ukumbi wake hapa Katindo. Wengi wenu mnaukumbuka. Jukwaa la mbao za Masisi, refu kufika kifuani mwa mtu. Taa za rangi. Viti vilivyopangwa kwa mistari. Vyombo vya sauti alivyovifunga kwa mkono wake, waya kwa waya. Bendi ikitoka Bukavu au Kisangani, ilipiga kwa Papa Paulin, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo sauti ilitoka safi namna ile. Mama Perpétue alikata tiketi mlangoni na kuwapikia wanamuziki. Papa Paulin alikaa nyuma kabisa, mbele ya mashine yake ya sauti, mikono juu ya vifungo, na huko ndiko alikokuwa na furaha.

Lakini alianza kuona jambo. Wanamuziki walipomaliza kwake waliondoka kwa haraka. Hawakukaa kunywa wala kuzungumza. Siku moja alimuuliza Balagizi, mpiga gitaa la solo aliyekuwa akipiga kwake tangu mwanzo, "Munakimbia wapi?"

Balagizi akajibu bila kufikiri, "Tunaenda kupiga muziki."

"Na hapa mulikuwa munafanya nini?"

Balagizi akabeba gitaa lake, akawafuata wenzake.

Walikuwa wanaenda kwa Mama Masika. Huyu ni mama wa Butembo, mfanyabiashara wa maharagwe, aliyekuwa na ghala Birere, na ndani ya ghala hilo alikuwa akiuza bia kidogo. Hapakuwa na jukwaa, taa za rangi wala kipaza sauti. Watu walikaa juu ya magunia, na mwanamuziki alisimama katikati yao, karibu kiasi cha kuguswa bega. Bendi ile ile iliyopiga Katindo kwa saa nzima bila mtu kulia, ilipiga Birere nusu saa na watu wakatoka wakijipangusa macho.

Papa Paulin alikosa usingizi. Hatimaye alivaa koti la mvua na kofia, siku isiyo na mvua, akaenda kuona. Alipita kando ya kuta akizigonga kwa vidole, akapima urefu wa dari kwa macho, akanusa hata magunia. Mama Masika alimwacha amalize. Kisha akamwambia mbele ya wote, "Papa Paulin, kama unatafuta kiti, kiti iko hapa. Kama unatafuta siri, haiko ku ukuta."

Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba siri ni maharagwe. Kama fundi alikuwa na sababu zake: magunia yanameza mwangwi. Wiki iliyofuata alijaza magunia ya maharagwe pande zote za ukumbi wake. Sauti ikawa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Fukusi wakaingia, wakawapanda watu waliovaa suti, na familia ikala maharagwe asubuhi na jioni mpaka Krismasi. Élisée hadi leo hagusi maharagwe.

Mama Perpétue ndiye aliyemwambia kilichokuwa wazi kwa kila mtu. "Kwa Masika, mutu akianza kuimba, hakuna chupa inafunguliwa. Hakuna anayeuza, hakuna anayepita. Hata yeye mwenyewe anasimama anasikiliza."

"Basi anapoteza biashara," akasema Papa Paulin.

"Ndiyo," akasema Mama Perpétue. "Anapoteza."

Papa Paulin hakubadilisha kitu. Wahudumu wake waliendelea kupita kati ya viti wakibeba masinia ya vinywaji.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ililipuka. Familia ilikimbilia Sake. Waliporudi, ukumbi wa Katindo ulikuwa umesimama bila ufa, lakini ghala la Mama Masika lilikuwa chini ya jiwe jeusi lililokuwa bado linafuka moshi. Papa Paulin alienda kuona. Alikiri baadaye kwamba njiani alitarajia moyo wake utapoa. Akakuta umati umesimama pale, watu waliopoteza nyumba zao wenyewe, wanalilia ukumbi. Balagizi alikuwa amechuchumaa, analia kama aliyefiwa. Papa Paulin alimwinamia, akamuuliza polepole, "Ya kwangu ingeungua, ungelia hivi?"

Balagizi alinyamaza. Papa Paulin aliondoka na ukimya ule, na alisema haukuwahi kumtoka. Aliuonea wivu hata ukumbi uliokufa.

Mwezi wa Mei mwaka huo Mama Masika alikuja nyumbani, akaomba kutumia ukumbi wa Katindo Jumapili baada ya misa, mpaka apate mahali. Papa Paulin alitaka kukataa. Mama Perpétue alikuwa ameshamwambia karibu. Jumapili ilipofika, Mama Masika hakuongeza chochote. Alizima taa za rangi, akawaomba wanamuziki washuke kutoka jukwaani, akawaambia watu wasogeze viti wenyewe, wakae wanavyotaka. Papa Paulin alikuwa nyuma, mbele ya mashine yake. Hakuna aliyehitaji mashine. Alibaki hajui aweke wapi mikono.

Kisha Mama Masika akasema, "Perpétue, tuimbie kitu."

Mama Perpétue aliimba. Ulikuwa wimbo wa Kinyarwanda ambao mama yake aliuimba akisaga mtama, wimbo wa binti anayeuliza nani atamletea habari za nyumbani. Bila kipaza sauti, amesimama sakafuni na kitambaa cha jikoni bado begani. Hakuna aliyekohoa. Na Papa Paulin, aliyekuwa ameoa sauti ile miaka ishirini na zaidi, aliisikia ikiwa peke yake, nje ya kwaya, kwa mara ya kwanza, tena katika ukumbi wake mwenyewe, kwa mwaliko wa mwanamke mwingine. Karibu naye, mgeni mmoja alimwambia mwenzake, "Kwa Masika ni kwa Masika, hata wamuhamishe wapi."

Nyumbani alimuuliza mke wake, "Juu ya nini haukuimbaka pale siku zote?"

"Haukuniombaka hata siku moja."

"Ulikuwa mlangoni!"

"Ni wewe uliniweka mlangoni, Paulin."

Jumapili iliyofuata watu walikuta kufuli mlangoni. Papa Paulin alikuwa ndani, amekaa katika kiti cha mstari wa mbele, anawasikia wakiuliza, kisha wakiondoka. Hakufungua.

Mama Masika hakugombana naye. Alipata kiwanja upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya Sake, akasimamisha nguzo na mabati, na watu wakapanda mototaksi kumfuata. Mama Perpétue alienda karibu kila Jumapili, na hakuficha. Akirudi, Papa Paulin alikuwa akimuuliza, "Watu walikuwa mingi?" Naye alijibu, "Walitosha." Mazungumzo yaliishia hapo. Usiku alimsikia akiimba chini chini akiosha vikombe, na hakuweza kumwomba aimbe kwa sauti, kwa maana aliona kwamba kuomba sasa ni kuokota makombo ya Lac Vert. Ukumbi wa Katindo ukawa wa harusi, kisha wa mikutano, kisha mahali pa kuhifadhi simenti ya watu.

Mwezi wa Mei 2021 volkano ililipuka tena, na matetemeko yakapasua ukuta wa nyuma. Mafundi walisema ukumbi hautumiki tena. Ndipo, Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba, Papa Paulin alivaa koti lake na kumwambia mke wake, "Leo tunaenda wote." Hakutoa sababu, na mama hakuuliza.

Alikaa nyuma, akinuna. Muziki ulikuwa haujaanza vizuri mvua ikashuka juu ya mabati, na hakuna kilichosikika tena. Watu walicheka, wakasubiri, kama waliozoea. Mama Masika alikuja kumwamkia, akamwambia sikioni kwa sauti kubwa, "Mvua ndiyo mushindani wangu wa kweli, Papa!"

Familia inajua kwamba alifurahi. Alirudi nyumbani akirudia, "Mabati matupu! Miaka yote hiyo!" Lakini wiki ikapita, na ya pili, na furaha haikukaa. Alisikia mvua nyumbani akasema, "Sasa hivi wamenyamaza kule." Siku ya tatu ya mvua alichukua nyundo, akaanza kubomoa jukwaa lake. Alizipakia mbao zile za Masisi kwenye lori, yeye na Élisée, wakazipeleka Lac Vert, na kwa siku kadhaa, akiwa na miaka sitini na mitano, alipanda ngazi na kupigilia dari chini ya mabati. Mama Masika alipotaka kumshukuru alimkatiza: "Sikuja kwa ajili yako. Ile kelele inaniumiza."

Dari ilipokwisha, aliketi mbele, akamwita mke wake mbele ya watu. "Perpétue. Ninaomba uimbe."

"Sauti imechakaa."

"Imba hivyo hivyo."

Mvua ilikuwa inanyesha. Aliimba, akasikika mpaka nyuma.

Tangu hapo alienda kila Jumapili, na alilalamika kila Jumapili: gitaa liko juu, mlango unapiga kelele, watu wanamsifu Masika kwa dari isiyo yake. Vita vilipofika mjini mwezi wa Januari 2025, muziki ulinyamaza Lac Vert kwa miezi mingi, na wakati huo huo ugonjwa wa sukari, aliokuwa nao kwa muda, ukashika figo. Alilazwa mwezi wa Oktoba. Katika kitanda cha jirani alilala mzee mmoja mchungaji, mtu wa watu, ambaye kila mchana wakristo wake walikuja kumwimbia. Papa Paulin aligeuzia ukuta uso. "Yule wanamuimbia," alimwambia mama. "Unaona? Wanamuimbia."

Siku mbili baadaye Mama Masika aliingia, anatembelea fimbo, na nyuma yake Balagizi na gitaa. Muuguzi aliwaonya wasisumbue wagonjwa. Basi walipiga chini kabisa, nyuzi zikiguswa tu, na Mama Perpétue akaimba karibu na mto wa mumewe, kwa sauti ya kumwambia mtu mmoja jambo. Aliyekuwa anagawa chakula aliweka sufuria chini, akasimama. Walipomaliza, yule mchungaji wa kitanda cha pili aliinuka kwa kiwiko, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mtoto wake, "Huyu ni nani hata aimbiwe namna hii?" Na sauti yake, wote tuliokuwepo tulisikia, ilikuwa na uchungu kidogo ndani yake.

Papa Paulin alifumbua macho. Alimtazama Mama Masika, akatazama kitanda cha pili, akacheka mpaka kifua kikamuuma. "Mumesikia?" alisema. "Mumesikia vile ameuliza?"

Alifariki tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake.

Ameacha mjane, Mama Perpétue Mukamugema, watoto Sylvie, Élisée na Umuhire, wajukuu saba, kaka yake mkubwa, ambaye yuko hapa leo, rafiki yake Balagizi, na Mama Masika, aliyeomba aandikwe pamoja na familia, na familia imekubali.

Nenda salama, Papa. Mungu akupokee, na moyo wako utulie sasa.