Mwalimu Beseni na Hatua ya Tatu

Wapendwa waombolezaji, aliyetaka historia hii niisome mimi ni shemeji yangu, mjane wa marehemu, nami sikuwa na uso wa kumkatalia, kwa hiyo nivumilieni, kwani huyu ni kaka yangu wa tumbo moja, na kwa miaka kumi na miwili kasoro miezi miwili sikumsemesha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1954, kifungua mimba wa baba yetu seremala na mama yetu mshona nguo, nami nikamfuata miaka minne baadaye. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968, akasoma chuo cha Biblia 1975 na 1976, na mwaka 1977 tukaishika karakana ya baba, mimi nikikata mbao, yeye akipiga randa, naye alipima kila ubao mara tatu, hata wateja wakachoka kusubiri. Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili dereva, wa mwisho mwalimu wa hesabu.

Kuanzia Januari 1983 alifundisha darasa la ubatizo kila Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha kanisa, kwenye mabenchi aliyoyaunda mwenyewe, akieleza sisi Waanabaptisti ni watu gani, kwamba habatizwi mtoto mchanga bali mtu aliyeamua mwenyewe, kwamba hatushiki silaha, hatuapi, hatumpeleki ndugu mahakamani, na kwamba siku ya meza ya Bwana tunaoshana miguu wawili wawili, na mwenye ugomvi na ndugu yake haigusi meza mpaka wapatane. Aliyejibu maswali yote bila kukosea alirudishwa nyumbani, eti huyo amekariri, hajaamua, na wanangu wawili walirudishwa hivyo hivyo.

Agosti 2011 mfanyabiashara jirani yetu, muumini mwenzetu, alianza kujenga ukuta ndani ya kiwanja cha karakana. Mimi nilitaka mahakama, kaka akakataa kutia sahihi karatasi za mashtaka, akataka tufuate hatua tatu alizofundisha, kumwendea mtu peke yako, kisha na mashahidi wawili, kisha kuliambia kanisa, na tukiwa bado kwenye hatua ya pili ukuta ulikuwa umefika kwenye lenta, usawa wa juu ya milango. Karakana ikaenda. Nilimwambia mbele ya wanawe kwamba mafundisho yake yametumaliza, nikahamia benchi la mlangoni, nikawa natoka kabla mabeseni hayajaletwa.

Tangu hapo, kila meza ya Bwana, mara mbili kwa mwaka, kaka alijaza beseni, akaweka viti viwili, akakalia kimoja, na kwa kuwa nilikuwa sijaja, hakugusa mkate wala kikombe, yeye aliyewaandaa nusu ya waliokuwa mezani. Shemeji amehesabu mara ishirini na nne. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Beseni, nami nilicheka nilipolisikia jina hilo. Nyumbani kwangu alikuja peke yake, nikamfungia mlango, akaja na wazee wawili, nikajifanya nimelala, na hatua ya tatu, ya kunitaja mbele ya kanisa, hakuifanya, akisema moyo wake haumruhusu kumwaibisha mdogo wake.

Sukari iligundulika mwaka 2016, kidonda kikashika mguu wa kushoto, ukakatwa tarehe 9 Februari 2022, akawa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye beseni lake. Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, asubuhi, binti yake muuguzi alinipigia akisema, baba mdogo, njoo sasa hivi, nikamjibu nitakuja nikimaliza kazi. Alikata roho saa nane mchana, nami nilifika saa tisa na nusu. Niliomba beseni, nikamwosha mguu uliobaki, ukiwa umeshapoa, na zamu yake ya kuniosha mimi haikufika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, na walimu wenzake wa darasa. Jirani wa ukuta, nakuona umekaa pale, kaka angenitaka nikushukuru kwa kuja, nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa.

Kaka, hatua ya tatu uliyonihurumia nimeifanya mwenyewe leo, kanisa limesikia. Pumzika kwa amani, maana mimi sina tena wa kupatana naye.